Mbio Fupi za Mkufunzi

Mtu aliyenifundisha kompyuta aliwahi kusimama mbele ya wazazi wa shule nzima na kuomba msamaha kwa ajili ya prosesa. Hakuwa ameiba wala kumtukana mtu. Alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake, kwamba laptopu zilizonunuliwa kwa jasho lao alizichagua yeye, kwamba alizipima vibaya, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa asitafutwe mbali. Kisha akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea. Mzee mmoja kwenye safu ya nyuma akauliza, "Anasema nini huyo?" Jirani yake akamjibu, "Ati ni yeye." Mimi nilikuwa kando ya mwalimu wangu, na nakumbuka niliviangalia viatu vyangu mpaka mkutano ukahamia habari za bweni jipya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, katika shule ya wasichana upande wa Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Lakini huyo aliyesimama pale hakuwa mtu niliyemzoea. Niliyemzoea alikuwa Kitale, ghorofani, na hakuwahi kumwomba mtu yeyote msamaha.

Sisi wote tulimwita Mkufunzi. Chuo chake kilikuwa juu ya duka la mbegu na mbolea, na msimu wa kupanda mahindi ungelazimika kuruka magunia ili kuzifikia ngazi. Harufu ya dawa ya wadudu ilipanda hadi darasani, ikaingia kwenye makoti yetu, ikaenda nasi nyumbani. Alifundisha kile kilichoitwa pakeji: kuchapa barua, kupanga hesabu kwenye safu, kutumia barua pepe. Nilianza kama mwanafunzi wake, nikaishia kuwa msaidizi wake, naye akaniita Mwalimu Mdogo hata nilipokuwa nimemzidi kimo.

Kabla ya kompyuta alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, na hilo hakulificha. Saa ya kupimia wakimbiaji ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, darasani, sokoni, hata kanisani, ambako padri aliwahi kumwuliza kama anapima mahubiri. "Baba, ningepima ningekwambia," alimjibu, na watu walicheka mpaka nje. Alitembea kwa kuinua visigino kama mtu anayengoja filimbi. Alikuwa na koti moja la kahawia ambalo mifuko yake ilijaa njugu karanga. Kwenye ukuta alibandika onyo kwamba anayeleta chakula karibu na kompyuta atafukuzwa, na chini ya onyo hilo hilo alisimama akitafuna, akipangusa maganda kwenye kibodi kwa mgongo wa kiganja.

"Mkufunzi, na wewe?" wanafunzi walimwambia.

"Mimi nimezoeana nazo. Wewe mgeni utazichafua."

Alitoka pande za Bungoma, na ulimi wake ulibadilisha r na l bila kumwuliza. Prosesa kwake ilikuwa plosesa. Kijana mmoja mjuaji alijaribu kumsahihisha darasani. Mkufunzi alimsogelea polepole, akamwekea mkono begani. "Haya, wewe unajua kuliita. Sasa niambie linafanya nini." Kijana akainamia daftari lake. "Umeona? Wewe ni kama mtu anajua jina ya daktari na hajawahi kuugua. Andika."

Neno la vitabuni, tarakilishi, alilikubali siku za mtihani tu. Siku nyingine kompyuta za kawaida alizigawa mara mbili: kuna ya mezani na kuna ya safari. Watu waliopanda ngazi kumwomba ushauri kabla ya kununua waliuliza swali moja, nalo lilikuwa swali la miaka ile: ni gigahazi ngapi? Waliamini kwamba namba iliyobandikwa kwenye kasha ndiyo nguvu yote. Mkufunzi alikuwa na jibu ambalo tulilisubiri kama watoto wanaosubiri mwisho wa hadithi wanayoijua.

"Hiyo namba ni jina la ubatizo. Ukitaka kujua tabia, muoe."

Kisha alieleza, na hapa sitanii, alieleza vizuri. Ya mezani ina kasha kubwa, feni kubwa na chuma kinene juu ya prosesa, kwa hiyo joto lina pa kwenda. Ni kama jiko la kuni lenye dohani. Ya safari imebanwa ndani ya kitu chembamba kama sahani, feni yake ni ya kuazima pumzi, na inapokaa kwenye betri inapunguza mwendo yenyewe ili chaji isiishe njiani. Mbili zenye namba moja zinaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa. Hayo aliyajua. Nayaandika mapema ili msomaji asidhani kwamba alichofanya baadaye kilitokana na kutojua.

Ila alipenda mbio. Kila Ijumaa baada ya somo la mwisho alipanga mashine mbili juu ya meza ndefu, akaziwekea kazi moja, kwa kawaida folda iliyojaa picha iliyopaswa kubanwa iwe faili moja dogo. Wanafunzi wawili waliweka vidole juu ya kitufe. Muuza mbegu alipanda kutoka chini, waendesha baiskeli za boda waliacha wateja, na soda zikawekwa kama dau.

"Kwenye mstari," Mkufunzi alisema, saa mkononi. "Tayari. Bonyeza!"

"Mimi niko na ile nono!" muuza mbegu alipiga kelele. Nono ilikuwa kompyuta ya mezani ya chuo, nzee, yenye kelele za kinu.

"Si hiyo yako imelala, bana!"

"Haijalala, inafikiria. Yako haina kichwa ya kufikiria."

Mbio nzima haikuzidi muda wa kunywa nusu ya soda. Mstari wa kijani ulikimbia kwenye kila kioo, mmoja ukafika, Mkufunzi akabonyeza saa yake na kutangaza tofauti kwa sauti ya uwanjani. Nono ilishinda mara nyingi. Siku ambayo afisa wa kilimo alileta laptopu yake mpya, yenye namba sawa na ya Nono, ziliachana kwa kiasi kidogo hivi kwamba wengine walidai ni sare. Mkufunzi aliizunguka laptopu ile akiiangalia kama mtu aliyekutana na msichana mdogo anayekimbia na wanaume. "Hii," alisema, "hii imelelewa vizuri."

Nadhani ni pale alipoanza kuiamini saa yake kuliko mdomo wake.

Aliishi Matisi, mtaa wa Kitale, chumba kimoja cha kupanga, na mkewe aliishi Bungoma. Walikuwa wameishi hivyo miaka mingi. Jumamosi alisafiri kwenda, Jumapili jioni akarudi na unga, ndizi na, karibu kila mara, kitambaa kipya cha kufuma. Mkewe alifuma kama watu wengine wanavyopumua. Sijaona chumba cha mwanamume anayeishi peke yake kilichofunikwa namna ile: kitambaa kwenye kiti, kwenye redio, kwenye sanduku, kimoja cha mviringo juu ya mtungi wa maji.

"Mkufunzi, hata mtungi?" nilimwuliza siku niliyompelekea funguo.

"Nikikataa, Jumamosi nitalala wapi?"

Alimpenda kwa namna yake, na namna hiyo ilikuwa na ukuta. Alisema wanawake hujifunza kompyuta haraka kuliko wanaume kwa sababu hawailazimishi, na alilisema hilo mbele ya kila darasa jipya. Lakini mkewe alipokuja Kitale mara moja na kushika mausi, aliiondoa mkononi mwake taratibu. "Wacha, Mama. Itakuumiza macho." Mkewe alicheka, akarudisha mikono yake juu ya mfuko wake wa sufi. Mimi nilikuwepo na sikupenda kicheko kile, ingawa wakati huo sikujua kwa nini.

Mwalimu mkuu wa shule ile ya Kibabii, mama mrefu ambaye kila mtu alimwita Madam, alimwita awashauri: shule ipate maabara ya kompyuta, je, wanunue za mezani au laptopu? Na akaongeza jambo ambalo Mkufunzi alinisimulia mara nyingi mno wiki ile. Maabara ikifaulu, chumba kilichokuwa tupu karibu na lango kingekuwa tawi la chuo chake. Angefundisha wasichana siku za wiki na watu wa mjini Jumamosi. Angeishi nyumbani kwake.

"Nitakuwa nakunywa chai ya asubuhi kwangu," aliniambia. "Unajua ni kitu gani hicho, Mwalimu Mdogo? Chai yenye mtu mwingine amepika." Kabla hata kamati haijakaa, alikuwa amemwambia mwenye nyumba wa Matisi atafute mpangaji.

Kamati ilikaa kwenye maktaba ya shule. Naibu wa Madam, mtu mzito wa maneno machache, alitaka za mezani. "Hizi ndogo zitachoka," alisema.

"Naibu, chuma hakichoki," Mkufunzi akajibu. "Tusibishane kwa mdomo. Zikimbie."

Tulikuwa tumebeba mashine mbili zenye namba moja. Saa ikatoka shingoni. Akasema maneno yake ya Ijumaa, nikabonyeza moja, mwalimu wa hisabati, kijana aliyetoka chuoni juzi, akabonyeza nyingine. Mistari ikaenda sambamba, pua kwa pua. Ikiwa imepita nusu, umeme ukapotea. Ya mezani ikafa, kioo kikawa cheusi. Laptopu ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Maktaba nzima ilicheka. Mjumbe mmoja alimpiga Naibu mgongoni: "Sasa hiyo yako imechoka, ama?" Hata Naibu alitabasamu. Laptopu ilifika mwisho, Mkufunzi akainua saa juu kama kikombe, na jambo likawa limeamuliwa. Kwamba baada ya umeme kupotea mstari wa laptopu ulipunguza mwendo ukaanza kutambaa, hakuna aliyelitaja. Haikuwa na wa kulinganishwa naye tena.

Laptopu zilipofika, mke wa Mkufunzi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa shule. Walikaa wakafuma. Siku ya kufungua maabara, kila laptopu ililala juu ya kitambaa kinene cha sufi, chenye rangi za shule na nyuzi zinazoning'inia pembeni mwa meza. Maabara ilifanana na sebule ya harusi. Madam alikaribia kulia. Mkufunzi alipita kati ya meza akigusa kila kitambaa kwa kidole, akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa zimevaa," na akina mama wakapiga vigelegele. Sijamwona tena akiwa na furaha ya aina ile.

Muhula ukaanza vizuri. Wasichana walijifunza kuchapa, walimu wakatengeneza karatasi za mtihani. Kisha ukaja mtihani wa pamoja wa shule kadhaa, na matokeo yote yakaletwa kwenye maabara ile yapangwe: masomo yote, wanafunzi wote, wastani, nafasi, asubuhi hadi jioni bila kupumzika. Kufikia saa nne mashine zilianza kujiburuta. Mtu alibonyeza kitufe, akaenda msalani, akarudi, akaikuta bado inajizungusha. Kuna zilizozima zenyewe na kazi ikapotea. Shule zilizosubiri zikaanza kupiga simu.

Mkufunzi aliitwa, nami nikaenda naye. Alichukua laptopu moja, akaipeleka ofisini kwa Madam kwenye mwanga, akaiweka juu ya ukingo wa saruji wa dirisha, akaipa kazi yake ya folda, akaipima. Ilikimbia kama siku ya kwanza. Akarudi nayo maabara ameibeba kama mtoto aliyesingiziwa.

"Haina kitu," alisema.

"Lakini Mkufunzi, ikikaa hapa saa moja, mbili..." mwalimu wa hisabati alianza.

"Kijana. Kompyuta haichoki. Anayechoka ni mwalimu." Na kwa sababu walimu wengine walikuwa wakisikiliza, akaongeza, "Labda hizo mikono zako zimezoea jembe."

Wachache walicheka. Kijana yule aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu. Nilitamani kumwambia neno, lakini nilikuwa nimekuja na Mkufunzi na ningeondoka naye.

Tuliitwa tena wiki iliyofuata. Safari hii Naibu alimwambia bila kupandisha sauti, "Leo usipime. Kaa. Fanya kazi sisi tunafanya." Mkufunzi akakaa. Akaingiza alama kama mwalimu mwingine yeyote, koti likiwa kwenye kiti. Bungoma ina joto kuliko Kitale, na asubuhi ile hewa ndani ya maabara ilisimama. Nilikuwa meza ya pili. Niliona mashine yake ikianza kusitasita. Niliona akiacha kuchapa, akiweka kiganja juu ya kibodi, kisha pembeni, kisha akiteleza vidole chini, kwenye kitambaa. Akavitoa haraka, kama mtu aliyegusa sufuria.

Akaiinua. Chini ya laptopu kulikuwa na matundu ya kuvutia hewa, na matundu yalikuwa yamezibwa na manyoya ya sufi, yamefungana kama utandu wa buibui, yenye rangi za shule. Akayapangusa kidogo kwa kidole. Wakati huo huo akina mama waliingia na chai, mkewe mbele na birika.

Mkufunzi aliirudisha laptopu juu ya kitambaa. Akakinyoosha kitambaa pembe zote.

"Mmeona shida?" mkewe aliuliza.

"Bado tunatafuta, Mama," alisema. "Chai tamu."

Tulitembea kwa miguu kuelekea mjini mpaka tukapita soko. Ndipo aliponiuliza niliona nini.

"Niliona sufi, Mkufunzi. Si tuvitoe tu vile vitambaa?"

"Tukivitoa mtu atauliza kwa nini."

"Tuweke vipande vya mbao chini, basi."

"Atauliza kwa nini mbao." Alisimama. "Wale akina mama walifuma mwezi mzima. Na aliyewaambia wafume ni nani? Mwenyekiti. Na bwana wa mwenyekiti ni nani? Ni yule bingwa alisimama akasema zimevaa. Unataka akina mama wamcheke sokoni ati aliharibu kompyuta za watoto na sindano ya kufuma?"

"Hawatamcheka."

"Wewe hujui Bungoma." Kisha, chini zaidi, "Usimwambie. Hii nitaibeba."

Siku ya wazazi akaibeba. Maneno aliyosema yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema prosesa ya laptopu ni mkimbiaji wa mita mia na kazi ya shule ni ya masafa marefu, kwamba yeye alipima mita mia akaiita mbio nzima. Alimgeukia mwalimu wa hisabati na kusema, "Nilikukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu." Vitambaa hakuvitaja. Mkewe alikuwa safu ya mbele na akina mama wenzake, wote kwa leso za aina moja. Alipokuwa akisema, Mkufunzi alitazama kila mahali isipokuwa pale.

Baadaye, peke yangu chuoni, nilifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliipa Nono na laptopu ya afisa wa kilimo kazi moja ndefu ya kutwa. Nono ilimaliza kwanza. Laptopu juu ya meza tupu ilifuata nyuma yake, si mbali sana, kama mtu anayehema lakini anafika. Kesho yake nikairudia kazi ile ile, laptopu ikiwa juu ya kitambaa kinene. Nilifunga chuo ikiwa bado haijafika. Kwa hiyo alikuwa na kosa, ndiyo, lakini kosa lake lilikuwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa ya sufi, na hiyo aliichukua kwa jina lake. Sikumwonyesha majaribio hayo.

Shule ilinunua za mezani. Laptopu waligawiwa walimu waende nazo nyumbani, na huko, kwenye meza zisizo na mapambo, zikaandika barua na mitihani bila matata kwa miaka. Mwalimu wa hisabati akawa msimamizi wa maabara. Kile chumba karibu na lango kikawekwa mahindi. Matisi, mwenye nyumba alikuwa ameshampa mtu mwingine kile chumba, na Mkufunzi, mwenye wanafunzi mji mzima, akahamia cha nyuma, karibu na bomba, ambako wapangaji walimwona kila asubuhi akipiga foleni na ndoo.

Mbio za Ijumaa zilikwisha bila kutangazwa. Muuza mbegu alipanda mara mbili tatu, akakuta darasa limefungwa. "Mzee, hakuna riadha leo?" Mkufunzi alijibu ana kazi. Saa sikuiona tena shingoni. Watu walipopanda kuuliza ni gigahazi ngapi, aliwasomea namba iliyo kwenye kasha, basi, na mimi niliyesubiri lile jibu la ubatizo na ndoa nilijikuta nikiinama kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Neno lilifika Kitale, kama maneno yanavyofika. Nilimsikia mzazi mmoja kwenye ngazi akimwambia mwenzake, "Si ndiye yule alidanganya shule ya Bungoma?" Mkufunzi alikuwa hatua chache juu yao. Alijibanza ukutani akawapisha, akawaamkia kwa heshima.

Chuo kilifungwa mwishoni mwa miaka ile, mwenye jengo alipotaka nafasi ya duka la simu. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, naandika habari. Yeye akarudi Bungoma, si kwenye tawi, si kwenye kazi, bali nyumbani tu, mtu asiye na ratiba.

Nilimtembelea mara moja, nikiwa nimetumwa huko kikazi. Alikuwa amekonda lakini alinipokea kwa kelele zake za zamani na salamu ya kwao. "Mwalimu Mdogo! Mulembe!" Akanikalisha sebuleni, redio ikisoma matangazo ya vifo kwa sauti ya juu, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kumchenga. Tulizungumza juu ya mvua na juu ya watu wa Kitale. Hakuuliza habari za kompyuta, nami sikumletea. Mkewe aliniita jikoni nimsaidie vikombe. Kati ya jiko na sebule kulikuwa na pazia tu.

Alimimina maziwa akinipa mgongo.

"Mwalimu Mdogo, wewe ulikuwepo ile siku ya chai."

"Chai gani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuwa nimeshika birika mlangoni. Nilimwona akiinua ile kitu. Nikaona ile manyoya yenye rangi ya uzi wangu. Akapangusa, akairudisha, akanyoosha kitambaa vizuri kama anafunika maiti." Alizima stovu. "Mtu hawezi kuona hiyo na asijue."

Redio ilikuwa ikitaja wafiwa, shemeji na wajomba.

"Hukumwuliza?" nikasema.

"Nilingoja aniambie. Jioni, kesho, Jumamosi. Angeniambia, mimi ningesimama siku ya wazazi niseme, jamani, ni sisi na sindano zetu. Tungecheka, ingeisha. Kwani kitambaa ni dhambi? Lakini alisimama yeye kwanza. Sasa ningesimama aje? Niseme bwanangu anawadanganya?" Alipanga vikombe kwenye sinia, akavipanga upya. "Wale wanawake walisema hajui kazi. Walisema mbele yangu. Na mimi niliwamiminia chai, mwanangu. Miaka yote hii. Yeye anadhani alinifunika. Mimi kila nikimwona amekaa hapo bila kazi nashindwa kumtazama."

"Mwambie, Mama. Bado yuko."

"Nimwambie leo aone kwamba aliharibikiwa bure?" Alinikabidhi sinia. "Peleka, chai itapoa."

Nilisukuma pazia kwa bega. Mkufunzi alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, anatazama mlango wa nje. Nilikuwa nimeshatua sinia mezani nilipogundua kwamba ninasikia vikombe vikigongana. Redio ilikuwa imezimwa.

"Ina sukari?" aliniuliza.

Mkewe alikuja nyuma yangu na birika, akasimama kwenye pazia, naye akaitazama redio. Hakuna aliyeuliza ilizimwa lini. Hadi leo sijui.